Herufi za Kombo

Mjomba wangu jina lake Kombo,
na mwandiko wake ulikwenda kombo vilevile.
Ngamiani nzima waliupenda hivyo.
K yake imeinua mguu, inataka kupiga mpira.
S imelala ubavu kama paka aliyeshiba dagaa.
Kwenye ubao wa KINYOZI, Barabara ya Kumi na Mbili,
nafasi ilimwishia,
basi I ya mwisho akaipandisha begani kwa Z,
na mpaka leo imekaa huko, miguu inaning'inia.

Rula hakuijua. Alipima kwa shubiri,
na shubiri ilitegemea asubuhi amekula nini.

Mimi nina kompyuta yenye ufa kona ya kushoto
na wateja wa kadi za harusi, lebo za achari,
tangazo la mashindano ya bao.
Wananiambia: "Tafuta maandishi yaliyochangamka,
haya yako yamevaa tai."

Nikazunguka na simu, napiga picha:
genge la Makorora, mlango wa fundi baiskeli,
na ule ukuta wa USIKOJOE HAPA
ulioandikwa kwa furaha kiasi
kwamba mtu husimama kuusoma
akasahau kilichomleta.

Nikazikata, nikazisafisha, nikazipanga ziwe fonti.
A nilipata mia na ushei.
U na I tele, kama machungwa ya Muheza msimu wake.
Q hakuna.
X hakuna.
Miaka thelathini na nne ya rangi na tapentaini
hakutokea mtu hapa Tanga
aliyemlipa mjomba aandike Q.

Nikampelekea karatasi kwake Chumbageni.
Mkono wa kulia sasa una mtetemo,
chai yake humiminwa nusu kikombe.
"Q ndiyo nini? O iliyotoa ulimi?"
Akaichora. Ikatoa ulimi.
X akaifanya watu wawili wenye haraka
waliogongana mabega, kila mmoja anasema "samahani".
Mtetemo ukaingia kwenye wino.
Sikuufuta.

Wiki tatu baadaye nikamwonyesha kioo,
nimeandika neno alilolipaka kuliko yote:
BARABARA.
Akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.
"Hizi A mbona mapacha wanne?
Mama yao amezaa kwa mashine?
Mimi sijapaka A mbili zikafanana.
A ya kwanza una nguvu.
Ya pili kuna mtu amekusalimia, umegeuka.
Ya tatu unawaza kama atalipa.
Ya nne rangi inaisha, unaivuta ivyo hivyo."

Alikuwa na haki. Lugha yetu hii
inatafuna A kama mtoto na ubuyu;
A moja haitoshi hata kumwita dada.
Nikaapa: ziwe nne, zipokezane zamu.

Tatu nilizipata kwenye mbao.
Ya nne, kila niliyoikata
jua limeipasua, au chumvi imeila tumbo.
Usiku umeme ulipokatika
nikaichora mwenyewe kwa tochi ya simu,
naiga bega lake, naiga ule uvivu wa mkia,
nafuta, naiga tena.

Jumamosi akalisoma neno kwa kidole,
herufi baada ya herufi, kama anayehesabu hela ya mtu.
A ya kwanza, akapita.
Ya pili, akacheka kidogo, sijui alimkumbuka nani.
Ya tatu, akapita.
Ya nne, kidole kikasimama.

"Hii si yangu."

Nikameza mate.

"Imeogopa," akasema. "Ione inavyobana miguu."
Akasogeza kompyuta mbali, akaitazama kwa jicho moja
kama alivyokuwa akitazama ubao kabla ya kudai pesa yake.

"Iache hapohapo. Itawazoea wenzake."